Sindano ya Baba, Koti la Mkwe

Mpaka leo, hapa Butembo, kuna watu wakinikuta sokoni wanaweka kiganja mdomoni, wananong'ona kitu hewani, kisha wanacheka na kwenda zao, na mimi nacheka pamoja nao, maana aibu ikishapita kwenye bafle, yaani spika, mbili kubwa za kwaya ya parokia haiwezi tena kurudishwa ndani ya nyumba. Nimeona heri niwasimulie mimi mwenyewe, kwa sababu kila anayeisimulia anaongeza yake, na juzi nilisikia kwamba mkwe wetu alizimia, jambo ambalo si kweli, hakuzimia hata kidogo.

Mimi ni Masika, mtoto wa kwanza wa baba na mama. Mama alitutoka vita vya kwanza vilipopita kwetu, baba akamfuata vya pili vilipoanza (wote kwa ugonjwa, si kwa risasi, ingawa dawa zilikosekana kwa sababu ya risasi), nikaacha masomo nikiwa mwaka wa pili wa sekondari, nikakaa kwenye cherehani ya mama, na hapo ndipo nilipowalea wadogo zangu wawili, Katungu na Mumbere.

Miaka ile kazi yangu kubwa ilikuwa kugeuza makoti. Vitambaa vizuri vilikuwa haba, basi mtu mwenye koti lililopauka analileta, nalifumua lote, nageuza kitambaa ili upande wa ndani ambao haujaona jua uwe nje, nashona upya, na mwenyewe anaondoka nalo kama jipya. Dosari inabaki moja tu: mfuko mdogo wa kifuani, ambao kwa koti la mwanamume huwa kushoto, unahamia kuume. Watu wengi hawauoni. Fundi anauona kutoka ng'ambo ya barabara, lakini fundi hasemi, unamsalimia mwenye koti, unamwambia amependeza, unapita. Mimi nilikuwa mtu wa kushika sheria hiyo kabisa, na ningeishika mpaka leo kama si turnediski ya baba.

Turnediski ni ile mashine ya kuchezea diski za muziki, ya baba ilikuwa na kifuniko cha mbao na mkono mwembamba wa chuma, na mwisho wa mkono kuna kichwa kidogo kama punje ya haragi, ambamo sindano inakaa. Baba alikuwa na diski moja aliyoipenda kuliko zote, ile waliyochezewa yeye na mama siku ya ndoa yao, na alituahidi mimi na Katungu kwamba siku kila mmoja wetu atakapotoka mbele ya wakwe, atatoka na wimbo ule. Kwetu msichana anayechumbiwa anakaa ndani wakati wazee wanaongea, hatoki mpaka aitwe. Basi Katungu alipochumbiwa na Muhindo, kijana wa Bungulu kule Beni, mtoto wa familia ya wasafirishaji, aliniomba jambo hilo moja tu. Hakutaka kiatu kipya wala nywele za duka.

"Yaya," aliniambia, ndivyo wanavyoniita mimi dada yao mkubwa, "mimi nataka nitoke na baba."

Nilifungua mashine. Sauti iliyotoka ilikuwa kama mtu anakaanga samaki ndani ya wimbo.

Nilimpelekea fundi Kasereka, ambaye anatengeneza redio karibu na soko, na aliutazama mkono ule kwa muda mrefu huku akitafuna kijiti.

"Masika, sindano imelika," akasema, "na hii kichwa yenyewe imechoka. Naweza kuirekebisha, mais itakuwa ni kama kumufunga muzee bandeji. Ama utafute kichwa ingine kule Beni, nitoboe mukono kidogo, niifunge. Mimi ningebadilisha."

"Utoboe mkono wa baba?"

"Tundu moja tu, ya musumari mudogo."

Nikasema hapana. Mimi ndiye mwenye kusema hapana nyumbani kwetu, ndivyo nilivyoweza kuwalea wale watoto. Kofia ya baba ilikuwa bado kwenye msumari wake, kikombe chake hakuna aliyekinywea, na mkono ule wa mashine yeye ndiye aliyeushika mwisho, sasa nikautoboe? Katungu alijaribu kwa upole.

"Yaya, baba haiko ndani ya ule mukono."

"Nyamaza, wewe ulikuwa mutoto."

Fundi Kasereka akarekebisha. Sindano ilikuwa inacheza kama jino bovu, basi aliibana kwa kipande cha karatasi ngumu ya boksi ya sigara, akaigundisha, na kile kipande kikabaki kimejitokeza mbele ya kichwa kama ulimi wa mbuzi. Akaniambia nisiikate karatasi ile, ndiyo inayoshika kila kitu, na kwa kuwa sauti itakuwa ndogo, niongeze nguvu ya mashine.

Jumamosi mchana tukaijaribu. Tuliazima jenereta, amplifaya na zile bafle mbili kwa kwaya ya parokia, Mumbere akaziweka uani, jenereta akaiweka nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba nilichowekea mashine. Wimbo ulitoka, dhaifu lakini ulitoka, nami nikageuza kifungo cha sauti mpaka mwisho. Nilipoinama kupuliza vumbi kwenye sindano, kule nje bafle zikafanya "hooooo", kama upepo wa mlimani.

"Yaya, mashine inapumua!" Mumbere akapiga kelele kutoka uani.

Tukacheka. Hakuna mtu aliyejiuliza mashine inapumuaje (na hapo ndipo ninapojipiga kichwa kila nikikumbuka, kwa sababu mtu mzima anayesikia mashine inapumua angekaa chini kidogo na kufikiri).

Jumapili ikafika. Wakwe walikuwa watoke Beni asubuhi, wamalize mazungumzo, na warudi kabla barrière, kizuizi cha askari barabarani, haijafungwa jioni, maana usiku barabara ile haikuwa ya mtu. Kama mambo hayakuisha siku ile, nani alijua kama wiki inayofuata barabara itapitika? Tulikuwa tumeona uchumba wa jirani ukikaa mwaka mzima namna hiyo, mpaka kijana akaoa mwingine. Katungu hakulisema, lakini tangu asubuhi alikuwa akinawa mikono ambayo tayari ilikuwa safi.

Walichelewa. Jua lilikuwa limeshapita katikati lori lilipoingia, na baba mdogo Kambale, aliyekuwa msemaji wetu, alihesabu mbuzi kwa macho, akaona pungufu, akanyamaza. Mbele yao alishuka mzee Anselme, mjomba mkubwa wa Muhindo, ambaye neno lake ndilo lingeamua, mtu mrefu, ameshika fimbo, hacheki. Aliketi uani kwenye kiti cha mbele, akaliweka koti lake sawa, na mimi, nikichungulia nyuma ya pazia, nikaona mfuko.

Ulikuwa kuume.

Nilipoangalia vizuri nikaitambua hata mishono yangu. Koti lile lililetwa kwangu na dereva mmoja miezi kadhaa nyuma, halikuwa na jina la mtu, limekuwa na rangi ya majivu, nami nililifumua na kuligeuza kwa siku nyingi. Nikajiambia, sawa, fundi hasemi.

Sasa, gauni nililovaa. Naomba msinihukumu haraka. Mama Gorette, jirani yetu, alikuwa ameniletea kitambaa cha buluu kutoka Kampala nimshonee, na gauni lilikuwa limeisha tangu Alhamisi, lakini yeye aliniambia anasafiri kwenda Manguredjipa kwa mumewe, nami sikuwa na gauni hata moja ambalo mkwe angeliangalia mara mbili, kwa hiyo nilimtumia neno kwamba vifungo bado, nikalivaa. Kumbe njia ya Manguredjipa ilikuwa imefungwa na askari. Saa ile ile wakwe wanaketi, Mama Gorette naye akaingia uani, na kitambaa kichwani, akatafuta kiti kizuri. Ndiyo sababu sikutoka kusalimia wageni. Nilijifungia chumbani na Katungu, nikasema nachunga mashine.

Tulipanga hivi: baba mdogo akimaliza maneno ya kwanza atasema, "Mtoto wetu atoke," Mumbere atatikisa pazia kutupa ishara, nami nitateremsha sindano, wimbo utaanza, Katungu atatoka. Basi nilikuwa nimeinama, kidole chini ya mkono wa mashine, uso wangu karibu kabisa na sindano, na Katungu amefunikwa kitenge amebanana nami, kichwa chake kwenye shavu langu. Jenereta ilikuwa inanguruma chini ya dirisha, hatukusikia chochote cha nje. Uani, baadaye nikaambiwa, kulikuwa kimya kama misa, kila mtu anangoja baba mdogo aanze.

Katungu akaninong'oneza, "Yaya, bageni beko wengi?"

"Beko wengi. Na ule muzee ameketi kama gavana."

"Amekasirika?"

Nilitaka tu acheke, hilo ndilo nililotaka, acheke kidogo asiogope.

"Atakasirika na nini? Angalia koti yake. Ile niligeuza mimi, na hii mikono. Mufuko iko kuume."

"Weee! Yaya!"

"Kweli kabisa. Ilikuja kwangu kama gunia ya makala, leo anaivaa kama vile imeshuka Dubai asubuhi."

Katungu akacheka mpaka akaegemea meza. "Na wewe? Gauni yako?"

"Ya kwangu njo mubaya zaidi. Mama Gorette anakaa pale nje, anajua inabakia vifungo. Vifungo vyake viko kwa mugongo yangu! Viti ni ya parokia, sahani ni ya jirani. Kitu yetu hapa ni mashine ya baba tu, na yenyewe inashikwa na boksi ya sigara."

Hapo mlango wa nyuma ukafunguka, Mumbere akaingia mbio, macho yamemtoka, anaonyesha mdomo wake, anaonyesha mashine, anaonyesha nje, hatoi sauti hata kidogo.

"Nini?" nikamwambia. "Sema!"

Na kwa kuwa alikuwa ametoka kuzima jenereta, ambayo ilikuwa inakata roho taratibu, nilisikia kutoka uani, kwa sauti yangu mwenyewe, nene, kubwa, kama padri wa Pasaka: "SEMA!"

Halafu bafle zikafa.

Ule ulimi wa karatasi, ndugu zangu, ulikuwa umegeuka sikio. Kila tulilonong'ona mbele yake, sindano ilikuwa inalichukua na kulipeleka uani, kama ilivyochukua pumzi yangu siku ya Jumamosi. Fundi Kasereka alinieleza baadaye kwa furaha kubwa, akaniomba hata nirudie ili asikie mwenyewe.

Nilichungulia. Wakwe wote walikuwa wanaangalia kifua cha mzee Anselme, na mzee Anselme mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia mfuko wake. Baba mdogo Kambale alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Mama Gorette alikuwa amesimama. Mmoja wa vijana wao alikuwa tayari ameshika kamba ya mbuzi, akingoja aambiwe.

Mimi niliyezika baba na mama bila kuanguka, nilishindwa kuvuka pazia. Katungu ndiye aliyeondoa kitenge usoni.

"Baki, yaya. Nitaenda mimi."

"Hujaitwa."

"Najua."

Akatoka. Bila wimbo, bila kuitwa, jambo ambalo msichana wetu hafanyi mbele ya wakwe, akapita katikati ya viti vyote, akapiga magoti mbele ya yule mzee.

"Baba," akasema, "ile sauti ni ya yaya yangu. Mais mwenye kumuuliza ni mimi. Kama munarudi na mbuzi zenu, murudi kwa ajili yangu, hapana kwa ajili yake. Yeye alinilea. Alikuwa anataka nisiogope."

Mzee Anselme aligusa mfuko wake kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayegusa kidonda kujua kama bado kinauma.

"Hii koti," akasema mwishowe, "nimeivaa kwa ubatizo, nimeivaa kwa matanga ya chef ya kijiji, nimeivaa mbele ya askofu. Hakuna mutu aliona. Ata bibi yangu hakuona."

Mke wake, mama mnene aliyekuwa ameketi nyuma yake na kikapu magotini, akasema bila kuinua macho:

"Niliona. Nilinyamaza."

Aliyeanza kucheka ni Muhindo, masikini, alijaribu kujizuia kwa leso, ikashindikana, kisha akina mama wa Bungulu, kisha uani kote, mpaka yule kijana akaachia kamba ya mbuzi na mbuzi wakaingia kwenye maharagi yetu. Mzee Anselme alingoja wanyamaze. Uso wake haukubadilika, lakini fimbo aliiweka chini.

"Sasa musikilize," akasema. "Kwa barrière basoda walituchukulia mbuzi moja, ati wanaazima. Njia yote nilikuwa naogopa, nawaza, bale batu ya Butembo watasema Bungulu wamekuja na mikono mitupu. Kumbe wao viti wameazima, mama anaongea ndani ya gauni ya mwenzake, na mimi koti yangu iko kinyume. Donc tuko sawa sawa. Ile fundi iko wapi? Atoke, nimuone."

Nikatoka. Kutoka kwenye pazia mpaka kwenye kiti chake ni mwendo mfupi, lakini kwangu ulikuwa kama kutembea mpaka Beni kwa miguu, na gauni lile la buluu likiwaka jua. Sikufika. Mama Gorette alinishika mkono njiani.

"Ilibakia vifungo, hein?"

"Mama, unisamehe."

"Geuka kwanza." Akanigeuza mbele ya wakwe wote, akahesabu vifungo vyake mgongoni mwangu, akavuta kiuno akaona kama nimelipanua. "Mukono ya fundi hii ni muzuri, mdomo yake njo shida. Leo baki nalo, kesho utalifua, utalileta."

Mzee Anselme akanyoosha mkono wa kushoto.

"Hapa kwapani inanivuta," akasema.

"Nitaifungua kidogo, baba," nikajibu, nikashangaa kusikia nina sauti.

Mazungumzo yakaendelea, yakaisha vizuri. Baba mdogo Kambale, ambaye hapo awali alikuwa amejiandaa kudai yule mbuzi aliyepungua, hakumtaja hata kidogo, alijua kwamba siku ile hatukuwa na mdomo wa kudai. Kabla wakwe hawajapanda lori Katungu akasema tucheze ule wimbo walau mwanzo wake. Mumbere akawasha jenereta, mimi nikafunga mdomo kwa mkono wa kushoto, nikateremsha sindano kwa mkono wa kuume. Tulisikia gitaa, tukasikia yule mwimbaji akivuta pumzi, kisha ile karatasi ya sigara ikabanduka, sindano ikalala ubavu na kuteleza juu ya diski ya baba kutoka ukingoni mpaka katikati, kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Hapo hakuna aliyecheka. Katungu alikuja akanishika bega.

Hilo ndilo linaloniuma, si kicheko cha watu. Nilikataa tundu la msumari mdogo kwenye mkono, nikapata mkwaruzo juu ya wimbo wenyewe.

Baada ya siku chache lori la wakwe lilipita Butembo, dereva akaniletea koti la mzee Anselme ili nifungue kwapa, na ndani ya ule mfuko wa kuume kulikuwa na kitu kimefungwa kwa pamba: kichwa cha turnediski, kizima, na sindano yake, kimetolewa kwenye mashine ya zamani ya familia iliyokuwa imekufa mota. Nilikichukua moja kwa moja kwa fundi Kasereka, nikamwambia atoboe. Nilitaka kushika mkono wa mashine mwenyewe wakati anatoboa, na niliushika, na chuma kilipotoboka hakikutoka kitu, ni unga kidogo tu wa chuma, ukaanguka mezani, Kasereka akaupuliza. Jioni tuliweka diski. Inapiga "tk" kila inapopita kwenye mkwaruzo, lakini sauti ya mwimbaji ni safi, hakuna anayekaanga samaki tena. Mumbere akanywa chai kwenye kikombe cha baba, na mimi sikusema neno.

Tangu siku ile nimeapa mambo mawili na ninayashika: nguo ya mteja fundi haivai hata saa moja, na mbele ya mashine yoyote yenye waya mimi ni bubu, hata simu hizi za siku hizi naziangalia kwanza kabla ya kumsema mtu.

Ndoa ilifungwa kanisani Beni. Katungu aliingia ukumbini na wimbo wa baba, "tk" zake zote zikiwemo. Mzee Anselme alikuwa amesimama mlangoni akipokea wageni, na koti lake lile lile, na katika mfuko wa kuume alikuwa amechomeka leso nyeupe, kubwa, imekunjwa pembe tatu, ili hata kipofu auone. Alinisalimia, akavuta bega kunionyesha kwamba kwapa sasa halimvuti. Na mimi nilikuwa nimevaa gauni langu.